Tugawane, Alisema Mwalimu

Basi lilikuwa limeshaanza kurudi nyuma fundi cherehani alipokumbuka kupunga mkono. Mwalimu alikaa dirishani na shati la bluu aliloshonewa na fundi, kola imekaa sawasawa. Halafu vumbi la stendi likamficha.

Stendi hiyo hiyo ndiyo iliyowakutanisha. Zipu ya begi la mwalimu ilifumuka, madaftari yakamwagika, na fundi akaitia sindano huku abiria wakiwapiga vikumbo. Mwalimu wa kemia, mdomo haumkauki, hakukawia kumsomesha.

"Haidrojeni ana elektroni moja, fundi wangu, na mwenzake moja. Hawanyang'anyani. Wanagawana, ndiyo maana hawaachani."

"Na wewe unazo ngapi?"

"Moja. Tangu ikuone imetulia."

Walikuwa wameshaanza kuishi pamoja ulipokuja uhamisho wa mwalimu kwenda mbali. Mwalimu alimwambia kwa upole, "Basi na sisi tugawane." Fundi hakuuliza. Mtu akikwambia tugawane, utamuuliza nini tena? Alimfungia vikombe viwili, akabaki na viwili. Mapazia, moja moja. Akampigia shangazi yake, fundi mwenzake ambaye macho yameanza kumtupa mkono, akamwahidi kuhamia kwake amshonee wateja.

Jioni simu ikalia.

"Mpenzi, mbona pazia moja? Nizibe nusu dirisha?"

"Si ulisema tugawane."

"Nilisema kama zile atomu."

"Kugawana ni kila mtu na chake, na njia yake. Waulize waliopeana talaka."

"Kitabuni wameandika neno hilo hilo, ila si kwa maana hiyo. Maana yake kila mmoja anatoa chake, kinakuwa cha wote wawili. Nilikuwa nakuomba tuhame wote. Ukaanza kukunja vitu, nikajua hutaki."

Fundi akajikalisha kitandani. "Si ungesema njoo? Neno lenyewe fupi hivyo."

"Njoo, basi."

"Shangazi ameshawaambia wateja. Tundu la sindano halioni tena."

"Tutapigiana simu."

"Na hizo atomu zako, zikikaa mbalimbali?"

Mwalimu hakuwahi kumdanganya. "Hazishikani," akasema.

"Haya. Ule, usilale na njaa."

Walipigiana simu mwaka mzima, kisha mara moja moja, kisha wakaacha. Mwalimu alioa mhasibu wa shule aliyohamia. Wana mtoto wa kike. Shangazi alipofuka kabisa, baadaye akafariki. Fundi alibaki na duka la shangazi. Anashona sare za shule, na anaishi peke yake chumba cha nyuma.