Kiapo cha Ngao

Kisu kilikuwa mkononi, lakini jiko halikuwapo. Alikuwa akikatakata vitunguu kwake, anakumbuka vizuri, macho yakimwasha. Sasa amesimama uani kwa watu, pekupeku, anammwagia maji ya baridi jirani aliyeungua mkono kwa mafuta.

"Ahsante, Ngao," jirani akasema huku akilia. "Hata sijapiga kelele. Umejuaje?"

Hakujua. Alinusa tu harufu ya nywele zinazoungua, na nywele za jirani zilikuwa nzima chini ya kitambaa.

Ngao halikuwa jina lake. Lilikuwa jina la shujaa aliyemwigiza kwenye televisheni kila Jumatatu, mwanamke anayewatetea wanyonge wa mtaa na kuwatandika wahuni. Lakini watu wana mambo! Sokoni Ngao, hospitalini Ngao, mpaka mama yake mzazi siku nyingine ulimi uliteleza. Mtu mmoja tu hakuwahi kumwita hivyo: binti yake Kidoti, mtoto wa miaka saba mwenye pumu. Kwa Kidoti alikuwa mama, basi.

Wa kulaumiwa ni mwongozaji wa mchezo, na hapa simung'unyi maneno. Mtu yule alikuwa na ugonjwa wa kutaka kila kitu kiwe cha kweli. Ilipofika sehemu ya Ngao kula kiapo, alimkataa mwigizaji mwenye ndevu za bandia, akamleta mganga hasa, na chetezo chake.

"Niseme maneno gani?" mganga akauliza.

"Hayo hayo unayosema siku zote, mzee."

Mzee wa watu akayasema. Ngao akaapa mbele ya moshi: atakayelia nitamwendea, wa nyumbani kwangu hatamtangulia mgeni. Kamera ikagoma, wakarudia. Taa ikazimika, wakarudia tena. Na majini, jamani, hawajui maigizo.

Ijumaa mchana Kidoti akabanwa kifua, akakaa kitandani mdomo wazi, mabega yakipanda na kushuka. Mama yake akaikamata dawa ya kuvuta, akageuka, zikabaki hatua chache tu amfikie, ndipo ile harufu ya nywele ilipoingia dirishani, ikafuatwa na kilio chembamba cha mtu asiyemjua, kilio kilichotoka ndani ya masikio yake mwenyewe, na miguu ikageuka bila yeye kuiamuru, ikamburuta mpaka mlangoni huku akiukwaruza mlango kwa kucha na kupiga kelele, "Sitaki! Mwanangu anakufa!", na mdomo wake huo huo, kwa sauti nzito ambayo hakuwahi kuwa nayo, ukamjibu, "Wa nyumbani hatangulii," akatoka mbio na dawa ngumini, akaenda kumnyanyua mlevi aliyeanguka mtaroni.

Bibi ndiye aliyembeba mjukuu mgongoni mpaka zahanati. Kidoti aliponea chupuchupu.

Mama alipomrudia, bibi alisimama mbele ya kitanda cha mtoto, akampima kwa macho.

"Nani wewe?" akanong'ona.

"Mama, ni mimi. Lakini pale sikuwa mimi."

"Najua hukuwa wewe. Ndiyo maana naogopa kukupa mtoto."

Maneno hayo yalimchoma kuliko yote. Jioni hiyo hiyo akamfuata mganga, na mwongozaji akajikokota nyuma yake, uso umemparama.

"Siwezi kumfukuza jini huyu," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Hajakuvamia, umemwita. Kiapo namna hii huisha kwa kifo."

Mganga akachochea makaa ya chetezo chake.

"Ila aliyeapa ni Ngao. Aliapa kwa maigizo, akaaminiwa. Basi na afe kwa maigizo. Mfanyieni maziko, mlieni, jini ataondoka. Lakini nisikilizeni vizuri: mtoto wake asikanyage pale. Jini akifiwa humtafuta mwenye uchungu wa kweli, huyo ndiye mrithi."

Mwongozaji aliitikia kwa kichwa, ndiyo mzee, ndiyo mzee. Kumbe moyoni anahesabu watazamaji.

Siku ya maziko Ngao alilazwa kwenye jeneza, shuka mpaka kidevuni, macho yamefumbwa. Waigizaji wakaangua vilio vyao vya mazoea, mmoja akikohoa katikati. Akasikia harufu ikipungua. Akasikia kitu kizito kikimbanduka kifuani, kikisimama kando yake, kikisikiliza. Alitaka kucheka kwa furaha. Ndipo akasikia kilio kingine kikija kutoka mlangoni, kilio kisicho na mpangilio, chenye kwikwi na kamasi, cha mtoto anayeita "Mama! Mama amka!", na akajua hata kabla ya kufumbua macho, akajaribu kuinuka lakini vidole vidogo vilikuwa vimeshamshika uso, na kile kizito kilichokuwa kando yake kikapita juu yake taratibu, kikielekea kwa mwenye vidole.

Mwongozaji alikuwa amempelekea gari shuleni. Walimwambia mama amekufa.

"Machozi yale ya wengine yalikuwa ya bandia mno," alijitetea, baada ya kupigwa kofi mbele ya watu wote. Mganga, aliyekuwa amesimama pembeni, alikusanya vitu vyake.

"Niko hai, mwanangu, ulikuwa mchezo tu," mama alirudia njia nzima. Kidoti alikuwa anatazama nje ya gari, anapumua vizuri kabisa.

Kesho yake, wakila chakula cha mchana, Kidoti akaweka kijiko chini, akainua pua, akashuka kwenye kiti, akaenda mlangoni. Mama akamkimbilia, akamshika bega.

"Unakwenda wapi?"

"Kuna mtu analia."

"Hakuna anayelia, kipenzi. Njoo kwa mama."

Kidoti akautazama ule mkono begani, halafu akamtazama usoni kwa adabu, vile mtoto aliyelelewa vizuri anavyomtazama mtu mzima asiyemjua.

"Niachie tafadhali," akasema. "Mama yangu amekufa. Nimemlilia mwenyewe."