Mama Anayecheza Kikapu

Rejoice ni mke wa mwanangu Shedrack. Anacheza mpira wa kikapu. Tunaishi pamoja Mjimwema, Njombe. Kila Jumanne na Alhamisi jioni alikwenda mazoezini. Mimi nilibaki jikoni na mtoto wake Brightness, wa miezi mitano. Tulikaa karibu na moto, maana baridi ya huku haina huruma.

Jioni moja Rejoice alirudi na jasho. Mtoto alikuwa analia. Akakaa ili amnyonyeshe.

"Usimpe!" nikasema. "Umekimbia saa nzima. Maziwa yamepata moto, yamechacha."

"Kweli, mama?"

"Nimelea watoto sita. Kamua, mwaga. Mtoto atakunywa uji."

Aliniheshimu, akamwaga. Nikapika uji mwepesi wa ulezi. Niliuombea, kisha nikampa mtoto. Tukafanya hivyo kila siku ya mazoezi.

Wiki ya tatu Brightness aliharisha usiku kucha. Asubuhi macho yake yalikuwa yameingia ndani. Tulimpeleka kliniki haraka. Njiani Rejoice alisema, "Mama, mpira nimeacha. Jumamosi ijayo wanachagua timu ya mkoa kule Makambako. Siendi."

Alikuwa ameingojea siku hiyo miaka mitatu.

Kliniki tulimkuta Feliciana, nesi, jirani yetu. Alimpima mtoto, akatupa zinki na dawa ya kuchanganya na maji safi.

"Mtoto amekula nini?" akauliza.

Rejoice alitazama sakafu, machozi yakimtoka. Hakutaka kunitaja.

"Uji," nikasema. "Nimempa mimi. Maziwa ya mama yake yanachacha akikimbia."

Feliciana hakunikaripia. Akauliza, "Mama Shedrack, ulipokuwa unalima viazi, Shedrack alinyonya wapi?"

"Pale pale shambani."

"Ukiwa na jasho?"

"Jasho tele."

"Maziwa yalichacha?"

"Hapana."

"Sasa jembe na mpira vina tofauti gani?"

"Jembe linaleta viazi," nikajibu.

Feliciana alicheka. Hata Rejoice alicheka, machozi yakiwa bado mashavuni.

Kisha Feliciana akatueleza polepole. "Mazoezi hayaharibu maziwa. Rejoice, ukirudi, futa jasho kifuani, kunywa maji, mnyonyeshe. Mtoto akipewa uji badala ya kunyonya, mwisho maziwa yatapungua. Mpaka atimize miezi sita, mpe maziwa yako tu. Usimpe uji wala maji, isipokuwa dawa hii niliyowapa. Na sasa anaharisha, mnyonyeshe zaidi."

"Na nikiwa uwanjani?" Rejoice akauliza.

"Mnyonyeshe kabla ya kuondoka. Kamua mengine kwenye kikombe safi, funika, weka mahali pa baridi. Yatumike ndani ya saa nne. Bibi atamnywesha kwa kikombe. Mtoto akizidiwa, au akishindwa kunyonya, mrudisheni hapa mara moja."

Tulifuata yote. Siku ya nne kuharisha kulikoma. Usiku ule nilipiga magoti. Nilimshukuru Mungu, nikamwomba msamaha. Kila siku nilimwomba hekima ya kulea, lakini uji niliupika kabla hajanijibu.

Asubuhi nilimwita Rejoice. "Mwanangu, nisamehe. Jumamosi tunakwenda Makambako, watu watatu."

"Watatu? Na nani?"

"Wewe, mimi, na huyu anayekunyonya."

Makambako upepo ulikuwa mkali. Rejoice alimnyonyesha mtoto, akaingia uwanjani. Mapumziko alirudi, akafuta jasho, akanyonyesha tena. Timu aliyopangiwa kwenye mechi ya majaribio ilifungwa kwa pointi mbili. Nilisikitika, nikadhani safari yetu imekwisha.

Lakini kocha wa mkoa, Hyasinta, alianza kusoma majina ya waliochaguliwa. Jina la tisa lilikuwa la Rejoice. Kocha akamtazama Brightness mikononi mwangu.

"Kambi ni wiki tatu," akasema. "Huyu mtoto ataachwa na nani?"

Rejoice alifungua mdomo. Nikamtangulia.

"Haachwi, mwalimu. Mtoto anakuja kambini. Na bibi yake anakuja. Tuandikie kitanda kimoja, tutabanana."

Kocha alicheka, akachukua kalamu, akaandika.