Mtu Aliyening'inia

"Korongo, mzigo umevuka mpaka pale Diff. Dereva asiambiwe kitu."

"Nimekupata."

Idman, ambaye redioni ni Korongo, aliisukuma Motorola yake ndani ya jilbabu, ikagongana na bastola ya Glock, akaendelea kukoroga chai. Kibanda kilikuwa cha Idara ya ujasusi. Chai alipika mwenyewe, na ilikuwa tamu kweli.

Saa nane mchana Land Cruiser ikafunga breki mbele yake.

Lukas, Mzungu mwenye mzigo, aliteremka, simu ya setilaiti sikioni, akaenda kubwata huko mbali. Chini ya kiti chake kulikuwa na viwashio vya mabomu arobaini na vinane. Vilikuwa vinakwenda Garissa, soko la mifugo, siku ya mnada.

Dereva, Olow, akabaki.

"Abaayo, dada yangu, chai mbili." Kisha Olow akashusha sauti. "Hani ameshafunga mizigo. Leo ndio mwisho, sindio?"

"Ndio mwisho, walaal, ndugu yangu."

Miezi minane Olow alikuwa macho ya Idman ndani ya kundi la magaidi la Lukas. Malipo yake yalikuwa jambo moja tu: yeye na binti yake wahamie Garissa, Hani aanze shule. Idman ndiye aliyemwahidi, kwa mdomo wake huu huu!

Basi alichukua tambara, akafuta vumbi kwenye kioo cha mbele.

Picha ikajitokeza, imebandikwa kwa ndani, uso wake nje. Karata ya tarot, zile Wazungu wanazopigia ramli. Mwanamume amefungwa mguu mmoja juu ya mti, kichwa chini, nuru imemzunguka, uso umetulia kabisa. Amejining'iniza kwa hiari yake. Maana yake subira.

Kilomita sita mbele, kwenye laga, mkondo wa mto uliokauka, Warsame, mdunguaji wa kundi, na wenzake watatu walikuwa wamelala na bunduki za darubini. Idara iliwatafuta kwa droni miezi miwili ikaambulia mbuzi. Mwenzao aliyekamatwa juzi ndiye aliyetapika siri: mtu wa karata akiwa kichwa chini, gari lipite. Karata ikigeuzwa, maana yake inageuka, ni sadaka ya bure, mtu aliyesaliti. Pigeni.

Lukas hakumweleza dereva. Dereva wa kazi gani kuelezwa?

"Walaal," Idman alisema, "mbona mtu wako yuko kichwa chini?"

Olow akachungulia. "Aa! Bicha gani hii? Mutu kama mbuzi ya kuchunwa! Wallahi mzungu amebandika vibaya."

Hata Idman, alipoonyeshwa karata ile mara ya kwanza, aliigeuza. Nani asingeigeuza?

Olow alifungua mlango, akabandua, akamsimamisha yule mtu vizuri, kichwa juu. Akatabasamu.

Hapo Idman angeweza kusema neno. Neno moja tu! Akammiminia chai.

Lukas alirudi akiapiza, akaketi. Kutoka ndani aliona mgongo wa karata tu, na mgongo ule ni uleule juu na chini.

Gari likaondoka.

Dakika tisa.

Milio ilikuja kavu, mingi, kisha kimya. Warsame na wenzake wakainuka lagani kwenda kumtazama msaliti wao. Vijana wa Idara, waliojificha juu ya laga, walikuwa wanangoja hicho tu. Risasi nne. Kwisha.

Idman alifika kwa pikipiki. Lukas alikuwa amekufa, mdomo wazi. Akavuta sanduku, akahesabu viwashio. Vyote vilikuwepo.

Olow alikuwa bado anapumua.

"Abaayo." Damu ilimtoka na maneno. "Nilikosea wabi?"

"Hukukosea kitu, walaal."

"Hani..."

"Ataanza shule. Nitampeleka mwenyewe."

Redio ikakoroma. "Korongo, mzigo?"

"Ninao."

"Warsame?"

"Amekwisha."

"Na dereva? Helikopta iko tayari, lakini huyo akiongea hospitali, mtego wetu wote utajulikana."

Olow alikuwa anamtazama. Alikuwa anasikia kila kitu, masikini.

"Dereva amekwisha," Idman alisema.

Akachutama kando yake, akamshika mkono, akangoja. Ilichukua dakika nne mpaka neno lake likawa kweli.

Akabandua karata, akaitia mfukoni bila kuangalia ni juu au chini. Akabeba sanduku, akapanda pikipiki, akashika njia ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley. Hani alikuwa kambini, ameketi juu ya mizigo yake, anamsubiri baba.