Anwani Iliyobadilika

Kila jioni kabla ya kufunga chumba cha kompyuta, Zulekha alizima swichi zote ukutani. Tokeni za stima, yaani umeme wa kulipia kabla, ziliisha upesi, na katika shule yao ya Kitale, mwanafunzi wa zamu aliyesahau swichi alisemwa kwenye gwaride.

Ijumaa moja, wakati wa mapumziko, Mwalimu Wachira alikuwa na Zulekha katika chumba hicho simu yake ilipoita, naye akaiweka kwenye spika. Alikuwa Jentrix, mwanafunzi wa shule moja ya Kanduyi, Bungoma. Shule hizo mbili zingekariri shairi pamoja kesho yake, na tangu jana yake video ya mazoezi ilikuwa ikitumwa moja kwa moja kutoka kompyuta ya Kitale hadi ya Kanduyi.

"Mwalimu, imekwama nusu," Jentrix alisema. "Ati kompyuta yetu haipati yenu. Na beti za mwisho hatujaziona!"

"Si ni mashine yenu, bana," Zulekha alidakia. "Hapa kila kitu kiko sawa."

Mwalimu Wachira alikagua kitu kimoja baada ya kingine. Rauta, kifaa kinacholeta intaneti, ilikuwa ikiwaka na intaneti ilikuwepo. Programu ya kutuma ilikuwa wazi na faili lilikuwa mahali pake. Ukuta wa ulinzi, ule unaozuia wageni kuingia kwenye kompyuta, uliiruhusu programu hiyo.

"Jana niliagiza rauta iachwe ikiwaka hadi asubuhi ili video isikatike," alisema. "Iliachwa?"

"Ndiyo, mwalimu," Zulekha alijibu haraka. Ukweli ni kwamba alikuwa amezima swichi kwa mazoea, na agizo akalikumbuka akiwa tayari nyumbani.

"Basi tatizo liko kwenu, Jentrix. Futa kila kitu, uanze upya."

"Hata hii nusu? Bando letu halitatosha. Lakini sawa, nafuta."

"Ngoja, usifute!" Zulekha alipaza sauti. "Mwalimu, rauta niliizima. Nilizima zote, kama kawaida."

Mwalimu alifungua mipangilio ya rauta. Ilipowashwa asubuhi ilikuwa imepewa anwani mpya ya mtandao, huku kompyuta ya Kanduyi ikiendelea kubisha kwenye ile ya zamani. Alimsomea Jentrix tarakimu za anwani mpya, naye akaziingiza.

"Imeshika! Inaendelea pale pale ilipoachia. Wewe Zulekha, eti mashine yetu!"

"Pole, Jentrix. Ilikuwa yetu."

Mwalimu Wachira alikata simu. "Kusahau agizo ni kosa dogo," alisema. "Lakini nilikuuliza ili nijue pa kutafuta. Jibu lako likaniondoa mahali penyewe, na wenzako nusura wapoteze kazi yao. Ukiulizwa ulichofanya, sema ulichofanya."