Kuta Zisizotaka Nyundo

Katika nyumba ya seremala, sebule ilikuwa imegeuka kiwanda. Vyerehani vya mkewe vilipangwa kandokando ya ukuta, vitambaa vililala juu ya viti, na familia ilikula huku ikiondoa nyuzi kwenye sahani. Watoto walifanyia kazi za shule kizingitini, kwa kuwa ndiko kulikobaki nafasi.

Hatimaye mke huyo akapata ukumbi wa kukodi ghorofani, juu ya duka la rangi. Mwenye jengo alitoa masharti. Ukumbi ugawanywe: chumba cha kukatia, cha kushonea na stoo. Kuta za matofali hakuzitaka, maana zingeielemea sakafu. Za mbao pia alizikataa. Za mpangaji aliyetangulia ziliishia tumboni mwa mchwa, na mahali penye pasi za moto mbao kavu ni hatari. Alitaka fremu za chuma chepesi zilizofunikwa kwa bodi za jipsamu. Mkaguzi angefika Ijumaa. Kazi ikikutwa mbovu, ukumbi ungepewa mtu mwingine.

Mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Msumari, alikubali kwa shingo upande. Mkewe alimsihi amngoje mdogo wake wa kike, fundi aliyezoea kusimamisha kuta kama hizo katika maghala na ofisi. Msumari akajibu kwamba hajafikia hali ya kufundishwa kazi na shemeji yake.

Jumatano asubuhi alipanda peke yake. Alifunga reli moja ya chuma, yenye mfereji wa kupokea nguzo, sakafuni na nyingine juu, kwenye boriti za paa. Nguzo alizikata kama alivyozoea kukata mbao: ndefu kidogo kuliko nafasi. Kisha akazigonga kwa nyundo mpaka zikabana na kulia. Mlio huo ulimridhisha.

Jua lilipopanda, paa la bati likapata moto na boriti zikasogea. Nguzo zikatoa vitambi. Fremu ya mlango ikaenda upande, na mlango ukakwama. Alipojaribu kunyoosha nguzo moja, ukingo wa chuma ukamchana kiganja.

Hapo ndipo dada wale wawili walipoingia. Mkewe aliutazama mlango, akaketi juu ya ndoo ya rangi.

Shemeji alitoa glavu mkobani. "Vaa hizi, shemeji. Naona chuma kimeshakusalimia."

"Kimenisalimia kwa kisu."

"Si wewe uliyeanza kukisalimia kwa nyundo?"

Msumari akacheka bila kutaka. Kisha akauliza lile alilopaswa kuuliza tangu mwanzo: "Nimekosea wapi?"

"Mbao nene huvumilia kubanwa. Hili ni bati lililokunjwa. Ukilibana juu na chini, linapinda. Kata nguzo iwe fupi kidogo, juu libaki pengo la unene wa kidole chako cha mwisho. Isimame ndani ya reli ya juu, ila usiipige skrubu huko. Paa likisogea, reli iteleze tu."

Akaongeza kwamba bodi nazo zisiguse juu, na kila nguzo ipimwe kwa timazi, isimame wima, kabla ya kufungwa.

"Na mlango mzito? Utashikwa na bati hili?"

"Peke yake haliwezi. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Ingiza mbao ndani ya nguzo za mlango, skrubu za bawaba zipate pa kuuma. Ziwe kavu, na zenye dawa ya mchwa; zikifichwa ndani ya chuma, mwenye jengo hatazikataa."

Msumari aliibomoa kazi yake yote kwa mikono yake mwenyewe. Nguzo zilizopinda akazikata vipande vya kupita juu ya mlango. Mbao za bawaba alizipiga randa mpaka zikaingia kama zilizaliwa humo. Alhamisi wakafunika kuta kwa bodi.

Mkaguzi alikuja Ijumaa, bati likiwa limewaka kwa jua. Alishusha timazi, akasukuma kuta kwa bega, akafungua na kufunga mlango tena na tena. Akauliza ni nani aliyeusimamisha.

"Mume wangu," alijibu mke wa Msumari. "Nyundo aliiacha nyumbani."

Jioni vyerehani vilihamia ukumbini. Watoto wakatandaza vitabu mezani, na sahani zikaja bila uzi hata mmoja. Msumari alikula taratibu, akiitazama sebule yake. Kisha akamgeukia shemeji yake, aliyeketi nao mezani, akamuuliza kama huko kwenye maghala kuna milango inayongoja fundi.