Waya Uliong'olewa Utemini

Ndugu zangu wa Utemini, haya niliyaona kwa macho yangu, nyumba ya pili kutoka kwangu.

Kila Jumapili asubuhi Mzee Naftali aliegemezwa kwenye mito mbele ya runinga kubwa. Kiharusi kilikuwa kimemlaza miaka mitatu, na macho yake hayakuweza tena kuona kitu kidogo kama simu. Kwenye runinga alitazama ibada ya moja kwa moja kutoka kanisa la kwao, Kinampanda, ambako dada yake Martina aliimba kwaya. Wimbo ukiisha, bibi yule alipunga mkono kuelekea kamera.

"Ananisalimia mimi huyo," mzee alisema, akacheka peke yake.

Kisha Urbano, anayefanya kazi pamoja na Sostenes, mtoto wa mzee, akafunga kwake mtandao wa giga, wenye kasi mara kumi ya ule wa nyumbani kwa mzee. Lo! Sostenes akakosa raha kabisa. Akamwita Aneth, fundi wa mtandao.

"Shikamoo, mzee," Aneth alisalimia, kisha akapima. "Kaka Sostenes, waya wako unapitisha megabiti mia moja. Runinga moja, hata picha iwe safi namna gani, haifikishi thelathini. Giga ya nini?"

"Urbano anayo."

"Haya. Ila subiri vifaa vifike ndipo tuung'oe huu. Runinga yenu haishiki mtandao bila waya."

Jamani, asubiri wapi! Aneth alipoondoka tu, Sostenes alipanda darini, akavuta waya wote, akaukatakata na kuutupa jalalani. Vifaa vingefika Ijumaa, alisema. Ijumaa ikapita. Jumapili mzee akakaa mbele ya runinga nyeusi.

"Martina hajambo?"

"Hajambo, baba. Jumapili ijayo utamwona."

Jumatano Bibi Martina alianguka shambani, akafariki. Waliokuwa kanisani wanasema Jumapili ile alipunga mkono kama kawaida yake.

Siku ya mazishi vijana wa kanisa walirusha ibada moja kwa moja. Vifaa bado. Sostenes akahangaika na simu, akaisogeza karibu kabisa na uso wa baba yake.

"Baba, tazama, jeneza lile pale."

"Wapi? Sioni, mwanangu." Mzee aliipapasa kwa mkono wake mmoja mzima. "Wameshamfukia?"

Sostenes akaongeza sauti ya simu. Vilio vilisikika kwenye simu, na mzee akaanza kumwita dada yake kwa Kinyiramba hadi sauti ikamkauka. Mimi, niliyekuwa nimekwenda kuwapa pole, nilitoka nje nikalia, sioni aibu kusema.

Giga ilifungwa wiki iliyofuata. Picha safi, haikwami hata kidogo. Jumapili kwaya iliimba, wimbo ukaisha, mzee akaikazia macho runinga, akangoja. Kisha akasema, "Zima, mwanangu."

FUNZO

Enyi wenye nyumba, kabla ya kuchagua kasi ya mtandao, hesabuni runinga zenu na mwulizeni fundi zinahitaji kiasi gani. Akiwajibu, msikilizeni! Msing'oe kinachofanya kazi wakati kipya hakijafika. Na kabla ya kushindana na wenzenu, mwulizeni aliye ndani mwenu anataka nini. Mzee Naftali hakutaka giga. Alitaka kumwona dada yake Jumapili, na waya wa zamani ulikuwa unatosha.