Mgeni wa Kanda Sifuri

Aliyeona kwanza ni Kipengo. Alikuwa amekaa chini mbele ya runinga, mdomo wazi, pengo la meno mawili likionekana waziwazi, anatazama diski ya mama yake mdogo kama alivyoitazama jana na juzi. Mara akageuka.

"Bibi, leo mama mdogo amekohoa."

"Watu hukohoa, mke mwenzangu," bibi yake akamjibu, macho yamo kwenye ungo wa mchele.

"Jana hakukohoa hapo."

Basi, neno lilikuwa dogo kama punje, na bibi akalipepeta likaenda na makapi. Angelishika! Maana picha iliyokwisha kupigwa imekwisha. Haiongezi wala haipunguzi. Na marehemu hapati mafua.

Huyo mama mdogo alikuwa mdogo wake Mama Kipengo, tumbo moja, ziwa moja. Alivuka maji akaenda kufua mashuka ya hospitali katika nchi ya baridi, na huko huko akafa, akazikwa na watu waliomjua kwa jina la kwenye kitambulisho tu. Kilichorudi nyumbani ni bahasha yenye diski. Wenzake wa kazini walikuwa wamempiga picha siku moja anakunja mashuka. Mama Kipengo aliibusu diski ile kabla ya kuitia kwenye deki. Deki ikaivuta, ikaizungusha kidogo, ikaitema kama mtoto anayetema dawa. Kwenye runinga yakatokea maandishi: Diski hii si ya kanda hii.

Mama Kipengo akalia kilio kipya, kana kwamba msiba umerudi kuchukua kitu ulichosahau.

Mumewe alikuwa fundi wa redio na deki, kibanda chake kimeegemea ukuta wa nyumba. Watu walimwita Fundi Kesho, kwa sababu hapakuwa na mteja aliyewahi kumsikia akitaja siku nyingine.

"Usilie, mama Kipengo," akasema. "Diski nzima, na deki nzima. Wenye viwanda wameigawa dunia kanda kanda, kila kanda na namba yake, ili deki ya huku isicheze diski ya kule. Ni kufuli tu. Tena si la chuma, la maandishi, limo ndani ya programu."

"Na kufuli si hufunguliwa?"

"Hufunguliwa. Kesho..."

"Leo!" mkewe akamkata.

Siku hiyo Fundi Kesho akafanya kazi leo, na majirani wakacheka, wakasema kumbe dawa yake ni machozi ya mkewe.

Alifungua kifuniko, akapuliza vumbi. Kwanza akanakili programu ya kiwandani kwenye flashi akaiweka mfukoni, maana fundi mwenye akili habadilishi kitasa akatupa kile cha zamani. Kisha akaifungua programu kwenye kompyuta, akaitafuta namba ya kanda, akaifuta, akaandika sifuri. Sifuri maana yake deki haina kwao. Inapokea cha kila mahali na haiulizi kimetoka wapi. Na kwa kuwa mkono wa fundi ukishashika bisibisi hauridhiki, akaona kwenye bodi matundu ya soketi ya mtandao ambayo haikuwekwa. Kiwanda kilitengeneza bodi moja kwa deki ya kifahari na deki ya kabwela, halafu ya kabwela ikanyimwa soketi. Fundi akailehemu soketi yake mwenyewe, akachomeka waya wa mtandao, akaongeza na kipande cha programu ya ile ya kifahari, ili mkewe aweze kuona hata picha zilizomo kwenye simu. Akaweka sharti moja: kifaa kisichojulikana kikitaka kuingia, kiombe kwanza.

Diski ikacheza. Marehemu akatokea, kilemba kimepinda, mikono imejaa mashuka meupe.

"Dada!" akasema, anacheka. "Huku mashuka hayaishi! Nikirudi nitandikieni gunia, sitaki kuona shuka maishani!"

Walicheka wakilia, wakalia wakicheka. Mama Kipengo akamshika mumewe mkono mbele ya mama mkwe wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Kosa lilikuja baadaye, siku ya mvua, baba yupo kibandani, mama katoka. Picha ilisimama yenyewe, yakaja maandishi. Bibi hakujua kusoma.

"Inasemaje, mke mwenzangu?"

Kipengo akasoma kwa kudonoa. "Ki-faa ki-ge-ni ki-na-o-mba ku-i-ngi-a. Kubali. Kataa."

"Ni mgeni huyo?"

"Ndiyo bibi. Lakini hana jina. Pa kuandika jina hamna kitu."

Bibi alikuwa amelelewa kwenye nyumba ambayo hodi haikukosa jibu, hata chakula kikiwa ni sahani moja na wenyewe hawajashiba. "Mgeni haachwi mvuani kwa sababu hatumjui jina," akasema. "Mwambie karibu."

Kipengo akabonyeza rimoti. Na kwa kuwa alikuwa mtoto mwenye adabu, akatamka na kwa mdomo: "Karibu."

Kesho yake ndipo mama mdogo akakohoa.

Baada ya kikohozi ikaja harufu, harufu ya nguo mbichi zilizofungiwa sandukuni, na Mama Kipengo akaanua, akaanika, akafua pazia, na harufu ikabaki pale pale kati ya runinga na ukuta. Kisha Kipengo akaanza kukwaruza koo. Wakampa asali. Wakamwambia apunguze kuimbaimba mbele ya runinga. Kila siku sauti yake ikawa nyembamba zaidi, ikawa kama uzi, ikawa kama mtu anayeongea nyuma ya mlango.

Adhuhuri moja Mama Kipengo alirudi na ndoo ya maji, na tangu uani akamsikia mwanawe anacheka sebuleni, anacheka kile kicheko chake cha zamani kinachokatika katikati kama kuku anayekimbia, na moyo wake ukafurahi, akasema afadhali koo limepona, akatua ndoo, akasukuma mlango huku naye anacheka, akamkuta Kipengo amekaa wima mbele ya runinga, mdomo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, bila sauti yoyote, na kicheko kinatoka kwenye runinga, kutoka chini ya mashuka anayokunja marehemu mdogo wake, ambako kitu kidogo, kimo cha mtoto, kilikuwa kinajipindua na kucheka, na alipoangaza macho mezani aliiona diski yenyewe imo ndani ya bahasha yake, na kisahani cha deki kiko nje, kitupu.

Marehemu akainua macho. "Dada," akasema, "sauti ya mtoto tamu."

Mama Kipengo alirudi kinyumenyume hadi kibandani. "Baba Kipengo," akanong'ona. "Njoo. Usiseme kitu. Njoo tu."

Fundi akachomoa waya wa mtandao. Kicheko hakikukatika. Akachomoa umeme, ndipo runinga ikanyamaza. Lakini Kipengo alipoambiwa aseme "baba", alifungua mdomo, mishipa ya shingo ikamtoka, na hakikutoka hata kikohozi.

Wakamwita Mama Ubani, mwanamke mfupi, mwenye maneno ya haraka, aliyezoea kuingia nyumba za watu na chetezo chake kama mkunga na mkasi. Alinusa mlangoni akasimama.

"Nani alimkaribisha?"

"Mimi," bibi akasema. "Mimi nilisema akaribishwe."

"Mdomo wa nani ulilitamka neno?"

Wote wakamtazama Kipengo.

"Basi mdomo huo ndio alioushika." Mama Ubani akaketi juu ya kigoda, mara akaonekana amechoka. "Jini aliyevunja dirisha mimi namtoa kwa masikio, anatoka analia. Huyu hakuvunja kitu. Mmempa mlango, mmempa na neno. Moshi wangu haumfikii huko aliko."

"Tufanyeje, mama?" fundi akauliza.

"Kufuli ulilolitoa, unalo?"

Fundi akagusa mfuko. "Ninalo."

"Lirudishe. Mkono uliofungua ndio ufunge."

"Na sauti ya mwanangu?" Mama Kipengo akauliza.

Mama Ubani alianza kurudisha makaa yake mkebeni. "Nikikwambia najua nitakuwa nakudanganya. Mlango ukifungwa, cha ndani kinabaki ndani, cha nje kinabaki nje. Sauti yake iko upande gani, sijui, mwanangu. Lakini ukiachwa wazi, huyu hatakomea kwenye sauti."

Walikaa wote sebuleni, hakuna aliyetaka kumwacha mwenzake. Fundi akachomeka umeme, akatia flashi. "Sikilizeni," akasema polepole. "Utatokea mstari kwenye runinga. Mpaka ufike mwisho, mtu asiguse waya. Umeme ukikatika njiani, deki inakuwa tofali. Haitafunga, haitafungua, na mimi sitaweza kuifanya kitu tena. Mmenisikia?"

Wakaitikia kwa vichwa. Mstari ukaanza kutambaa. Mama Kipengo alimpakata mwanawe, kidevu juu ya nywele zake.

Halafu harufu ya nguo mbichi ikajaa chumbani, na nyuma ya mstari ule, mbali kama mtu aliye chini ya kisima, sauti ikaita.

"Mama?"

"Usimsikilize," fundi akanong'ona.

"Mama, mbona kunakuwa giza? Mama, nipo huku. Mama mdogo anakunja shuka la mwisho, anasema likikunjwa hili hakuna tena, mama, naona mguu wako, naona khanga yako, mbona huniangalii, mama, usinifungie, nitakuwa mzuri, sitaimba tena, usinifungie na huyu..."

"Si yeye!" fundi akasema. "Mtoto unaye mikononi!"

"Ni sauti yake! Nimeizaa mimi!"

Na kweli mtoto alikuwa mikononi, na mtoto huyo, Kipengo wa nyama na damu, alikuwa anatikisa kichwa kwa nguvu zake zote, anamvuta mama yake kola, anampiga kifuani kwa viganja, anafungua mdomo ule mtupu kumwambia mama usifanye, mama mimi niko hapa, mama mwache, lakini hakuwa na cha kumwambia nacho, na sauti yake yote ilikuwa upande wa pili inalia, na mama hufuata kilio, kwa hiyo Mama Kipengo alimweka mwanawe chini, akavuka chumba, mstari umebakiza upana wa kucha, akauvuta waya ukutani.

Taa ndogo ya deki ikazimika. Kilio kikakatika katikati ya neno.

"Umefanya nini?" fundi akasema. "Umefanya nini, mama Kipengo?"

Alichomeka tena. Deki haikuwaka. Tofali.

Mama Ubani akachukua kikapu chake. Mlangoni akageuka, na safari hii hakusema kwa haraka. "Mlango haukufungwa, na sasa hauna kitasa. Tangu leo, hodi isijibiwe nyumba hii. Mwenye kuja agonge kwa mkono, afunguliwe kimya. Neno karibu lisitamkwe tena humu. Atakuja kulitafuta."

Fundi aliivunja deki kwa nyundo, akaichoma bodi mpaka ikatoa moshi wa kijani. Kibanda akakifunga, wala hakumwambia mteja yeyote kesho. Nyumba ikazoea ukimya. Majirani waliopiga hodi wakanuna, wakasema wale wana kiburi. Bibi alipokufa, hakuishi sana baada ya yale, waombolezaji walisimama uani na mikono kifuani, wanasubiri neno, na neno halikuja, na wengine wakarudi makwao.

Kipengo akaota meno, mazuri, yamejipanga. Jina likabaki. Alijifunza kugonga mlango kwa vifundo vya vidole, kugonga kwake mwenyewe ambako mama yake alikujua, na kwa mikono na macho waliweza kuambiana karibu kila kitu.

Alasiri moja Mama Kipengo alikuwa anamsuka, kichwa cha mtoto kimelala mapajani. Jua lilikuwa kali, lakini harufu ya nguo mbichi ikapita chini ya mlango.

"Hodi," sauti ikasema nje.

Ilikuwa na ule ulimi unaoteleza wa mtoto asiye na meno ya mbele. Haikuwa imekua hata kidogo.

"Hodi, mama. Nimechoka kusimama."

Kipengo alikuwa amekwisha kuinuka. Alimtazama mama yake usoni, akaona anataka kuitikia, akaweka kiganja juu ya mdomo wa mama yake, akakikandamiza. Wakakaa hivyo. Machozi ya mama yakapita juu ya vidole vya mwanawe.

"Hodi, mama," sauti ikalia. "Kwani hunijui?"

Mama Kipengo akakiondoa kiganja kile taratibu, kama mtu anavyoondoa mkono wa mtoto aliyelala.

"Karibu," akasema. "Karibu, mwanangu."

Nje ya mlango, mtu mzima akakohoa.